Sikio la Ghorofa ya Saba

Lifti ya jengo letu ilikuwa na kikohozi.
Ilikohoa ikipita ya tatu, ikasita kwenye ya tano,
na mimi, umri miaka minane,
soksi moja mguuni, nyingine mkononi,
nahesabu.

Toka mlango wa lifti hadi mlango wetu, hatua kumi na moja.
Kumi na moja: mama mzima.
Kumi na nne: ficha daftari la Witek, ana alama mbaya.
Kimya baada ya sita: kaegemea ukuta,
leta beseni, zima redio,
mwambie mdogo wako tunacheza mchezo wa kulala.

Ndivyo nilivyojifunza hesabu, Wałbrzych,
mji wa makaa, theluji ikianguka tayari imechafuka.

Hakuwa mama mbaya. Huanza hivyo kila Alhamisi.
Bi Kornelia huniacha nimalize,
kisha huuliza, "Na wewe ulikuwa nani?"
Nilikuwa kata.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na mtungi wetu ulikaa ndani ya buti la marehemu babu,
nyuma ya makopo ya matango.
Siku moja niliimwaga vodka yote kwenye sinki,
nikajaza maji ya bomba, nikarudisha.
Jioni mama akanywa. Akanitazama.
Akanywa tena, funda kwa funda, hadi chini,
akajifuta mdomo na kuyumba kidogo, kwa heshima yangu.
Hatukulizungumza. Kaburi lake sasa lina miaka tisa.

Mlezi, mlevi: herufi moja tu,
na mtoto aliyelala juu ya herufi ile
hakupata usingizi miaka thelathini na tano.

Msidhani kuna muujiza hapa.
Ni chumba cha parokia, kinanuka mishumaa na viatu vilivyolowa,
viti vinane, birika lenye kutu, biskuti za Dobromir,
dereva wa basi, umri sitini na mmoja,
ambaye bado hukiomba radhi kiti kabla ya kukikalia.
Mwezi wa kwanza sikusema neno. Wa pili niliosha vikombe.
Bi Kornelia akaniuliza nanywa chai au kahawa.
Nikajibu, "Itakayobaki."
Hakumimina. Akangoja.
Nilikasirika mpaka masikio yakawaka:
swali dogo vile, na mwanamke wa miaka arobaini na tatu
hajui ulimi wake unapenda nini.

Halafu Februari Zaneta aliangusha glasi.
Pa!
Vichwa vyote viligeuka,
si kutazama vipande: kumtazama uso.
Tulimsoma macho, pembe ya mdomo, rangi ya shingo,
nusu sekunde, kazi ya mafundi,
na Dobromir tayari kasimama kati yake na mlango.
Kisha tukafumaniana tukitazama.
Nani alianza kucheka, sikumbuki.
Tulicheka mpaka kasisi akagonga ukuta,
watu wazima wenye mvi na madeni ya benki,
ndugu wa nyumba moja ambayo haipo.
Zaneta alilia huku akifagia.
Hakuna aliyempokonya ufagio.

Nilimpigia Witek kumsimulia. Yuko Gdańsk, anauza matairi.
"Ya kale hayo, dada," akasema, "yaache yalale."
Nyuma ya sauti yake nikasikia kizibo kikizungushwa shingoni mwa chupa.
Labda soda.
Zamani ningepanda treni usiku uleule, na supu kwenye chupa ya chai.
Safari hii nilikaa. Nikashika meza kwa mikono miwili, nikakaa.
Sijui kama nilifanya vyema.

Naishi tena ghorofa ya saba, jengo jingine.
Juzi nilikuwa ndani ya hodhi, maji ya moto hadi kidevuni,
kikombe ukingoni. Chai. Limau, sukari vijiko viwili.
Lifti ikaanza kupanda.
Moja. Mbili. Tatu.
Kwenye ya nne kipande cha limau kikageuka kikombeni,
nikakitazama kinavyoelea,
na lifti ile
sijui ilisimama wapi.